Barua ya wazi kuhusu rekodi za mvua na joto mkoani Tabora: tupeni tuzisome wenyewe

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania,
na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Mkoa wa Tabora.

YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA KWA REKODI ZA HALI YA HEWA ZA MKOA WETU

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Ninawaandikia nikiwa mkulima wa tumbaku, mahindi na karanga katika Wilaya ya Uyui, mwanachama wa chama cha msingi kama walivyo wakulima wengi wa mkoa huu. Ombi langu ni moja. Rekodi za mvua na joto za vituo vya Tabora, tangu zilipoanza kuandikwa hadi mwezi uliopita, zitolewe kwa wakulima bila ada, siku kwa siku, kwa Kiswahili, na zifike mpaka ofisi ya kata.

Niwaeleze ombi hili limetoka wapi. Kila mwaka, ajenda ya pembejeo ikishamalizika kwenye mkutano wetu wa chama, watu hawatawanyiki. Mazungumzo yanahamia kwenye mvua, na hapo tunagawanyika. Wazee wengi wanashikilia kwamba hali ya hewa imebadilika kabisa. Zamani, wanasema, Novemba ikifika katikati mahindi yameshachomoza, na siku hizi Desemba inaingia mtu bado anaangalia mawingu. Lakini wapo wazee wengine, nao ni wa umri uleule, wanaokataa. "Njaa ya 1974 mliisahau?" aliuliza mmoja wao mwaka jana. "Tulikula mahindi ya Yanga hapa, yale ya njano. Mvua iligoma, na hapakuwa na mtu aliyezungumza habari za tabianchi." Mama mmoja anayelima mpunga mbugani akasema kwake mvua haijapungua hata kidogo, ila inashuka siku mbili tatu kwa nguvu, inabomoa majaruba, kisha inapotea wiki tatu. Kijana mmoja mwenye ndugu Ujiji akatuuliza tunawezaje kusema mvua imepungua wakati Ziwa Tanganyika limepanda likaingia kwenye nyumba za watu.

Ninawaheshimu wote wanne, na ninaamini kila mmoja alisema alichokiona kwa macho yake. Tatizo letu ni kwamba hakuna kitu mezani cha kuamulia. Mzee anatoa kumbukumbu yake, mwenzake anatoa yake, mwenye sauti kubwa anashinda, na tunarudi nyumbani kila mtu na msimamo aliokuja nao. Wakati huohuo, kilometa chache kutoka hapo, kuna kituo kilichoandika mvua ya Tabora kwa miongo mingi. Jibu la sehemu kubwa ya ubishi wetu limekwishaandikwa. Sisi hatujalisoma.

Mtu anaweza kudhani haya ni mazungumzo ya kupitisha jioni. Sivyo. Anayeamini kwamba mvua inachelewa kuanza na inawahi kuondoka atanunua mbegu ya mahindi ya muda mfupi, hata kama mavuno yake ni madogo kuliko ya mbegu inayokaa shambani muda mrefu. Anayeamini kwamba miaka mibaya ni ya kupita tu ataendelea na mbegu aliyoizoea. Mkulima wa tumbaku anaanza kitalu Agosti na Septemba, mbolea amekopa, mkataba ameshasaini, na lazima aamue mapema ni lini miche itatoka kitaluni kwenda shambani. Akihamisha kwenye mvua ya kwanza na mvua hiyo ikawa ya kudanganya, miche inakauka na deni linabaki palepale. Akisubiri mno, tumbaku inakomaa wakati mvua zinaisha. Maamuzi haya tunayafanya kila mwaka, na tunayafanya kwa kumbukumbu ya misimu mitatu au minne iliyopita, kwa sababu ndiyo inayokaa kichwani.

Kuna upande ambao hauna ubishi mkubwa, nao ni joto. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, takriban nyuzijoto 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Tanzania yenyewe imeongezeka joto kwa takriban nyuzijoto 1 tangu 1960. Na jirani zetu wa Kigoma wana ushahidi majini: watafiti waliolinganisha vipimo vya Ziwa Tanganyika na vile vilivyochukuliwa mwaka 1913 walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa 2003, kwamba maji ya ziwa hilo yamepata joto, na kwamba kupata joto huko kunazuia maji ya chini yenye virutubisho kuchanganyika na ya juu, mahali dagaa na migebuka wanapopata chakula. Mkulima anahitaji kujua habari hii ya joto hata kama mvua haijapungua hata milimita moja, kwa sababu jua kali linakausha udongo haraka. Mvua ileile iliyotosha wiki mbili zamani inaweza isitoshe leo. Nadhani sehemu ya kile wazee wanachokiita kupungua kwa mvua ni hiki: maji yanaondoka ardhini upesi kuliko walivyozoea. Lakini ni dhana yangu, na siwezi kuithibitisha bila rekodi ya joto ya hapa kwetu.

Upande wa mvua ndiko kwenye kazi. Mvua ya Tabora ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na tangu zamani inapanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka. Kwa mvua ya namna hii, mwaka unaoanzia kuhesabu unaweza kukupa jibu unalolitaka. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na Ziwa Tanganyika nalo lilijaa. Anayeanza hesabu yake kwenye kipindi cha mvua nyingi kama hicho karibu kila mara ataona mstari unaoshuka. Anayeanza kwenye ukame wa 1973 na 1974 anaweza kuona unaopanda. Wote wawili wametumia takwimu za kweli. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima tabianchi kwa vipindi vya miaka 30, na ndiyo maana ninaomba rekodi nzima, tangu mwanzo wake. Mkitupa miaka kumi pekee mtakuwa mmetuongezea ubishi.

Hoja ya ziwa nayo inahitaji takwimu ili ikae mahali pake. Ni kweli kwamba maji yetu yanaenda huko. Mto Igombe na Mto Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa hilo linapokea maji pia kutoka Burundi, Kongo na Zambia, na linatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kimo cha ziwa ni jumla ya nchi nyingi. Hakiwezi kumwambia mkulima wa Sikonge kama mvua yake ya Januari imebadilika.

Jambo jingine linatuchanganya zaidi ya ziwa, na ninaomba mlitazame kwa makini kwa sababu linagusa sera zenu. Watu wengi wanapotoa ushahidi kwamba mvua imepungua, wanachokitaja ni vijito. Wanakwambia kijito fulani kilikuwa na maji mpaka Agosti, na sasa Juni ni mchanga mtupu. Ninawaamini. Lakini kijito kinaweza kukauka mapema huku mvua ikiwa ileile, kama miti iliyokuwa inashika maji kwenye vyanzo vyake imeondoka. Katika mkoa huu miti imeondoka. Kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, mkaa, mashamba mapya, mifugo mingi: tunaijua orodha na tunajua sisi wenyewe tumo ndani yake. Kama rekodi zitaonyesha mvua ya miaka 60 haijashuka wakati vijito vimekufa, basi sehemu kubwa ya dawa iko mikononi mwetu hapahapa, kwenye vyanzo vya maji, kwenye ngitili (maeneo ya malisho yanayohifadhiwa), kwenye mabani yanayotumia kuni kidogo. Kama zitaonyesha mvua yenyewe imebadilika mwendo, imepungua siku na kuongezeka ukali, basi tunahitaji malambo, mbegu na kalenda mpya ya kupanda, na kupanda miti pekee hakutatosha. Hizi ni njia mbili zenye gharama tofauti. Halmashauri inawezaje kuchagua kati yake, na kuwaomba wananchi wachangie nguvu zao, bila kuweka hizo takwimu hadharani?

Sasa nizungumzie utabiri wa msimu. Kila mwaka kabla ya mvua, Mamlaka inatoa utabiri wa Msimu, nasi tunausikiliza redioni. Tunaambiwa mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, au wastani hadi chini ya wastani. Nawashukuru kwa kazi hiyo, na ninajua imesaidia wengi. Ila kuna swali ambalo mkulima hajibiwi: wastani wa miaka ipi? Siku hizi vipindi vinavyotumika duniani husogezwa kila baada ya miaka kumi. Kulikuwa na 1961 hadi 1990, ikaja 1981 hadi 2010, na sasa ni 1991 hadi 2020. Kipimo kikisogea, nacho kinachoitwa cha kawaida kinasogea. Mwezi wa joto ambao ungehesabiwa kuwa mkali sana kwa kipimo cha 1961 hadi 1990 unaweza kuonekana wa kawaida kwa kipimo cha sasa. Mzee anayesema siku hizi kuna joto na redio inayosema joto litakuwa la wastani wanaweza kuwa sahihi wote wawili, na hakuna anayewapatanisha. Ninaomba kila utabiri utaje miaka ya wastani wake, na utaje kwa milimita wastani huo ni kiasi gani kwa Tabora, kwa kila mwezi. Milimita 1 ya mvua juu ya ekari moja ni takriban lita 4,000 za maji. Mkulima akiambiwa hivyo anaelewa mara moja, na anaweza kupanga.

Jumla ya msimu nayo haitoshi. Msimu unaweza kufikisha wastani wake kamili na mahindi yakafa. Kinachoua mahindi hapa ni ukavu unaoingia Januari au Februari, wakati mmea unatoa mbelewele. Kinachoharibu tumbaku ni mvua ya mawe ya saa moja. Ndiyo maana nasisitiza siku kwa siku. Kwa takwimu za siku tunaweza kuhesabu mvua ya kupandia ilianza lini kila mwaka, ni mara ngapi ilianza kisha ikakata, na vipindi vya ukavu vilikuwa virefu kiasi gani miaka ya 1970 na vimekuwa virefu kiasi gani sasa. Hilo ndilo swali ambalo wale wazee wawili wanaligombania.

Wapo miongoni mwetu waliojaribu kujaza pengo hili kwa njia zao. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani ana daftari la kaunta, jalada limefungwa kwa uzi, ambamo ameandika tarehe ya mvua ya kwanza na tarehe aliyopanda, msimu baada ya msimu. Pembeni ameandika mambo kama "ilikata siku nyingi, tulirudia kupanda" au "viwavi". Mwandiko wa kurasa za mwisho ni wa mjukuu wake, kwa sababu macho yamepungua. Hana milimita hata moja mle, maana hana chombo. Lakini tarehe zake, zikiwekwa pembeni ya rekodi ya kituo, zingeonyesha kama kilichoandikwa mjini ndicho kilichotokea kijijini. Madaftari kama hilo yako mengi kuliko mnavyodhani, na wenye nayo wanazeeka.

Na kuna vyombo vilivyokufa. Katika shule moja ya msingi ninayoijua kuna kipima mvua nyuma ya madarasa. Uzio wake umeliwa na mchwa. Ndani ya mdomo wa faneli nyigu wamejenga, udongo umekauka na kuziba tundu kabisa, kwa hiyo mvua ikinyesha inajaa juu na kumwagikia pembeni. Kioo cha kupimia hakipo. Ukimuuliza mwalimu, anakwambia alikikuta hivyo. Siwalaumu walimu wala wanafunzi. Kipima mvua kinahitaji mtu anayekisoma saa 3 kamili asubuhi kila siku, Jumapili na sikukuu, mvua ikiwepo na isipokuwepo, na kinahitaji ofisi inayomuuliza mtu huyo mwisho wa mwezi amepata nini. Asipoulizwa, ataacha. Yeyote angeacha.

Najua historia ya kazi hii ni ndefu na imepita mikono mingi. Vipimo vya mvua Tabora vilianza enzi za Mjerumani. Mwaka 1929 Waingereza wakaanzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, nayo ikaendelea hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977, kila nchi ikabeba cha kwake. Mamlaka ya leo ilianza kama wakala mwaka 1999, na Sheria Na. 2 ya 2019 ikaifanya mamlaka kamili. Katika safari kama hiyo vituo huhama, vyombo hubadilishwa, mji hukua na kukizunguka kituo kwa mabati na lami, na kipimo cha joto kinaathirika. Yapo makaratasi ambayo hayajaingizwa kwenye kompyuta. Yapo mapengo. Ninaomba mapengo hayo myaonyeshe waziwazi. Pale ambapo mwezi haukuandikwa, pabaki patupu na paandikwe kwamba hapana kipimo. Pale kituo kilipohamishwa, mwaka uandikwe. Sisi tunaweza kuvumilia rekodi yenye matundu. Tusichoweza kuvumilia ni rekodi iliyozibwa kwa makisio bila kuambiwa, maana siku tutakapogundua tutaacha kuamini hata zile siku zilizopimwa vizuri.

Nimesikia hoja kwamba takwimu ghafi ni za wataalamu na mkulima atazitafsiri vibaya. Waheshimiwa, mkulima wa tumbaku anasoma madaraja ya jani, anasoma mizani, anasoma makato ya mkopo kwenye hati ya malipo, na akionewa kilo mbili anajua. Ataweza kusoma jedwali la mvua. Pale atakapokosea, afisa ugani yupo wa kumwelekeza, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo Tumbi kiko hapahapa Tabora. Kosa la mtu mwenye takwimu linaweza kusahihishwa kwenye mkutano. La mtu asiye na takwimu halionekani mpaka mavuno.

Hoja ya pili ni fedha: kutunza vituo kunagharimu, na ada za takwimu husaidia. Naielewa. Mashirika ya ndege, migodi na makampuni ya ujenzi yaendelee kulipia huduma zao maalumu. Lakini rekodi ya mvua iliyopimwa kwa kodi ya wananchi, inayohitajiwa na mkulima wa ekari tatu, isiuzwe kwa mkulima huyo. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma. Na mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, Tanzania ikiwa mojawapo, zilipitisha sera mpya ya kubadilishana takwimu za msingi bila malipo na bila vikwazo. Kama takwimu zinaweza kuvuka mipaka bure, naomba zivuke pia barabara kutoka uwanja wa ndege wa Tabora hadi kwenye kata zetu.

Njia za kuzifikisha zipo. Tulisajiliwa sote kwa ajili ya mbolea ya ruzuku tangu 2022, na namba zetu za simu mnazo. Mvua ya kila mwezi ya kituo kilicho karibu, ikiwekwa pembeni ya wastani wa mwezi huo, inatosha kwenye ujumbe mmoja mfupi. Rekodi ndefu iwekwe kwenye tovuti kwa wenye uwezo wa kuipakua, na nakala iliyochapishwa ikae ofisi ya kata na kwenye chama cha msingi, mahali pa kufikiwa na mtu asiye na simu janja. Maafisa ugani wafundishwe kuisoma kabla ya kutakiwa kuifundisha.

Vipima mvua navyo virudi, angalau kimoja kwa kila kata. Mvua ya Tabora hunyesha kwa vipande: inalowesha kijiji kimoja na kuacha cha pili kikavu, na kituo cha mjini hakiwezi kumsemea mkulima wa Kaliua au Igunga. Setilaiti zinasaidia kuona maeneo mapana, lakini nazo zinahitaji vipimo vya ardhini vya kuzisahihisha.

Kwa upande wetu hatuombi kwa mikono mitupu. Katika kata yetu tumeshazungumza, na wapo vijana wawili waliomaliza kidato cha nne walio tayari kusoma chombo kwa zamu. Uzio tutajenga wenyewe kwa nguzo na waya, mahali pa wazi pasipo na mti wala paa karibu, kama wataalamu wenu watakavyoelekeza. Madaftari ya wazee tutayakusanya kwa hiari yao, tutayapiga picha na kuwarudishia.

Tunachohitaji kutoka kwenu ni chombo, siku moja ya mafunzo, na jina la ofisi tutakayopelekea vipimo kila mwisho wa mwezi na itakayotujibu. Ninaomba majibu hayo, pamoja na nakala ya kwanza ya rekodi za kituo cha Tabora, yatufikie kabla ya utabiri wa Msimu ujao, ili siku tutakaposikia utabiri huo tuwe na majedwali mezani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa tumbaku, mahindi na karanga,
Wilaya ya Uyui, Tabora.